Kitabu cha kumbukumbu (Uganda)

Kitabu cha kumbukumbu ni daftari ambalo mzazi mwenye virusi vya UKIMWI humwandikia mwanawe, ili mtoto asikose historia ya kwao mzazi akifariki. Nchini Uganda kilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoanzishwa Kampala mwaka 1992, Beatrice Were akiwa miongoni mwa waasisi. Wazo lilitoka Uingereza, kwa shirika la Barnardo's, lililokuwa likihudumia familia zenye VVU.

Si wosia wa mali. Mama huandika mtoto alizaliwa wapi, nani alimpa jina, alipenda kula nini alipokuwa mdogo, babu na bibi wa pande zote ni akina nani, ukoo wake upi na mwiko wake nini. Kwa Waganda mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo ukurasa wa ukoo si pambo: yatima asiyeweza kuutaja ukoo wake hupata taabu kujitambulisha kwa jamaa za babake. Habari za ugonjwa huja baadaye, mama akishazoea kusimulia na mtoto akishazoea kuuliza.

Mpangilio huo una mantiki. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake huko Marekani waliwaketisha wanafunzi wasiojuana, wawili wawili, wajibizane maswali 36, mepesi kwanza, mazito mwisho. Moja liliwataka wasimulie maisha yao kwa dakika nne. Baada ya kama dakika 45 walijihisi karibu zaidi kuliko wenzao waliopiga soga tu. Ila wanafunzi hao hawakuwa na la kuogopa. Mama wa Kampala alikuwa nalo: mtoto akiropoka uani, mwenye nyumba anasikia na huenda akawafukuza.

Katika divisheni ya Nakawa jijini Kampala, simulizi za aina hii zimepita pia kwa mdomo. Shirika la Reach Out Mbuya, lililoanzia mwaka 2001 katika parokia ya Kikatoliki ya Mbuya, huwatuma wagonjwa wenyewe kuwatembelea wenzao majumbani. Anayebisha hodi kuuliza kama vidonge vya VVU vimemezwa naye anavimeza, hivyo anaweza kutanguliza yaliyompata yeye.

Mwandishi wa Uswidi Henning Mankell alichapisha kitabu kuhusu madaftari hayo mwaka 2003. Mwaka uliofuata Uganda ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na baadhi ya kina mama waliokuwa wakiandika kwa ajili ya kuaga wakaishi na kuwalea watoto wanaojua tayari mengi juu yao.