James Logan (1674–1751): jaji Mkristo na ardhi ya Walenape

James Logan alizaliwa mwaka 1674 huko Lurgan, Ireland, katika familia ya Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa pia Quaker. Mwaka 1699 alivuka bahari pamoja na William Penn, mwenye koloni la Pennsylvania huko Amerika, akiwa karani wake. Alisimamia ardhi ya familia ya Penn, akawa meya wa Philadelphia mwaka 1722, kisha jaji mkuu wa koloni kuanzia 1731 hadi 1739. Alikuwa msomi, maktaba yake ya vitabu zaidi ya 2,000 aliuachia mji.

Penn alijulikana kwa kupatana na wenyeji, Walenape, kabla ya kuchukua ardhi yao. Alikufa mwaka 1718 na kuacha madeni. Kufikia mwaka 1737 wanawe, pamoja na Logan, walikuwa wametoa karatasi waliyosema ni ya 1686: eti mababu wa Walenape walikubali kuuza ardhi hadi pale mtu anapoweza kufika kwa miguu kwa siku moja na nusu. Wazee, akiwemo Nutimus, walipinga, lakini mwishowe wakakubali. Upande wa Penn ukafyeka njia mapema na kulipa watu watatu wenye mbio. Mmoja, Edward Marshall, alifika karibu kilomita 100.

Walenape wangeshtaki wapi? Jaji mkuu alikuwa Logan mwenyewe, naye alikuwa na hisa katika kiwanda cha chuma cha Durham, ndani ya ardhi ileile.

Walifukuzwa. Mwaka 1755 walirudi na silaha, na waliouawa wengi walikuwa wakulima ambao hawakuiona karatasi ile. Mwaka 1756 Marafiki kadhaa wa Philadelphia waliunda chama cha kutafuta amani. Huko Easton, kiongozi Teedyuscung alisema waziwazi kwamba watu wake walidanganywa.

Wapendwa wa Masisi na Walikale, habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 1937, miaka 200 baada ya mbio zile, Wabelgiji waliunda ofisi ya kuhamishia watu wa Rwanda Masisi. Mipaka ilichorwa na wakubwa. Wenyeji na waliohamishwa waliachiwa ugomvi. Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, Walikale, na vita ikaenea hadi Masisi.

Leo kesi nyingi za mashamba zinafika kwa wazee wa kanisa kabla ya kufika kwa mwami au mahakamani. Tukumbuke Nabothi (1 Wafalme 21): shamba lake lilichukuliwa kwa barua zenye muhuri na kwa hukumu ya wazee wa mji wake. Basi mchungaji au mzee mwenye sehemu katika shamba linalogombaniwa, au ambaye ndugu yake analilima, aseme hivyo mbele ya wote na kuondoka kwenye kiti cha mwamuzi. Logan hakuondoka.