Alama na Neno: Jinsi Wanafunzi wa Hisabati Walivyopimwa, kutoka Cambridge hadi Bukavu

Miaka michache iliyopita mhitimu mmoja wa Hisabati na Fizikia hapa Bukavu alimletea mwandishi wa makala haya nakala ya alama zake, akiomba itafsiriwe kwa Kiswahili na Kiingereza ili aipeleke ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amepata asilimia 68. Kando ya tarakimu hiyo palikuwa na neno moja la Kifaransa, satisfaction. Tulilitafsiri kama ilivyo ada, "kuridhisha", tukaweka sahihi. Baada ya muda alirudi na jibu. Ofisi iliyopokea karatasi haikuijali ile 68. Ilisoma neno, ikamweka katika daraja la mwisho la waliofaulu. Kosa lilikuwa la nani? Kwa sehemu lilikuwa la mfasiri, na ndiyo sababu tumeona inafaa kuitafuta historia ya neno hilo.

Watu wengi, hata walimu, huamini kwamba katika hisabati jambo hili halina utata. Insha ya fasihi mmoja huipenda na mwingine huichukia, lakini hesabu ama ni sahihi ama si sahihi. Kwa hiyo alama ya hisabati ni tarakimu tupu, na tarakimu haihitaji mkalimani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake, yaani kwamba hata alama ya hisabati haina maana mpaka ijulikane ilitolewa kujibu swali gani.

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa desturi ya kumpa mwanafunzi wa chuo kikuu alama ya tarakimu ilikuzwa hasa katika somo la hisabati. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanafunzi wa zamani alipimwa kwa mjadala wa mdomo, kwa lugha ya Kilatini, mbele ya wapinzani na msimamizi. Katika karne ya 18 mjadala huo ulianza kupoteza nguvu mbele ya mtihani wa kuandika, na mtihani huo ulikuwa kwa kiasi kikubwa wa hisabati. Sababu si ngumu kuiona. Watu wawili waliojadili mada mbili tofauti hawalinganishiki kwa urahisi, bali watu mia waliopewa maswali yale yale ya jiometria wanaweza kupangwa kwa safu. Na ndivyo walivyopangwa. Orodha ya waliofaulu iligawanywa katika matabaka matatu, na ndani ya kila tabaka kila mtu alikuwa na nafasi yake, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kabisa. Wa kwanza aliheshimiwa nchi nzima. Wa mwisho wenzake walimtunukia kijiko kikubwa cha mti kwa dhihaka. Mwalimu William Farish hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha, mnamo mwaka 1792, utaratibu wa kuhesabu alama za kila jibu, ingawa wanahistoria hawajaafikiana juu ya ukubwa wa mchango wake. Orodha ile ya kumtangaza kila mtu kwa nafasi yake ilikomeshwa mwaka 1909, lakini matabaka yalibaki.

Swali la Cambridge, basi, lilikuwa hili: nani amemzidi nani? Swali la Ubelgiji lilikuwa jingine.

Ubelgiji ilipata uhuru wake mwaka 1830, ikiwa na vyuo vikuu vya serikali, cha Wakatoliki na cha waliojiita huru, ambavyo havikuaminiana. Sheria ya mwaka 1835 iliweka baraza moja la watahini la taifa, mjini Brussels, likiwa na mamlaka ya kumtahini kila aliyetaka shahada, awe ametoka chuo chochote. Vyuo vilirudishiwa haki ya kutoa shahada vyenyewe mwaka 1876 tu. Shahada hiyo ilikuwa mlango wa kazi: bila hiyo mtu hakuruhusiwa kutibu wala kutetea kesi mahakamani. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo baraza lilipaswa kusema lilikuwa ndiyo au hapana. Je, huyu anastahili kuaminiwa kazi? Aliyestahili alikuwa amewaridhisha watahini, na hapo neno letu lilipata maana yake. Halikuwa sifa wala lawama. Lilikuwa jibu la "ndiyo". Juu yake ziliwekwa heshima tatu kwa wachache waliopita kiasi: distinction, grande distinction, na la plus grande distinction.

Ngazi hiyo ndiyo iliyopandishwa meli kuja Kongo. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Serikali cha Elisabethville mwaka 1956, vilifuata taratibu za Kibelgiji: miaka miwili ya candidature, kisha licence, na mwisho wa kila mwaka baraza la watahini. Chuo Kikuu Huru cha Kisangani kilifuata mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bukavu, kilichokuwa kikiandaa walimu wa sekondari wa Kivu, kiliwekwa chini ya mwavuli huo huo. Mageuzi hayo yalibadili mengi. Candidature iliondolewa, pakawa na miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ngazi ya maneno haikuguswa. Katika enzi ambayo miji, mito na watu wenyewe walibadilishiwa majina kwa ajili ya uhalisi wa Kiafrika, satisfaction ilibaki satisfaction. Muungano ule ulivunjwa mwaka 1981, na vyuo vilivyozaliwa baadaye hapa Bukavu, pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanza mwaka 1989, viliirithi ngazi ile ile.

Mipaka yake katika vyuo vya Kongo ilikuwa hivi: asilimia 50 kwa satisfaction, 70 kwa distinction, 80 na 90 kwa heshima mbili za juu. Sasa tuiweke kando ya ngazi ya Dar es Salaam. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikajitegemea mwaka 1970. Kilirithi desturi ya Kiingereza: A huanzia 70, B+ huanzia 60, B huanzia 50, C huanzia 40.

Ngazi zote mbili zina kizingiti penye 70, na hilo ndilo linalomdanganya msomaji. Juu ya 70 Mwingereza anatosheka na herufi moja, ilhali Mbelgiji ana vidato vitatu. Chini ya 70 mambo yanageuka: Mwingereza anayo madaraja matatu ya kufaulu, Mbelgiji analo neno moja tu. Aliyepata 68 na aliyepata 50 wanasimama pamoja, wakasomwa pamoja siku ya kutangaza matokeo, wakapakwa poda nyeupe na jamaa zao kwa shangwe ile ile. Katika ukumbi huo hakuna tatizo, kwa maana kila aliyepo anajua. Tatizo huanza karatasi inapovuka mpaka. Mtu aliyezoea ngazi yenye madaraja mengi katikati husoma neno la chini na kudhani limemwelezea mtu wa chini.

Ipo hoja kwamba tarakimu ingetosha, neno lifutwe. Mwandishi hakubaliani nayo, na sababu imo katika kazi yenyewe ya kusahihisha. Chukua swali la kutafuta kipeo cha matriki ya safu tatu kwa tatu, lenye alama 5. Mwanafunzi anakosea ishara katika hatua ya pili, akiandika jumlisha penye toa. Hatua zote zinazofuata anazifanya bila dosari, akifikia jibu lisilo sahihi. Msahihishaji mmoja humpa 4, kwa kuwa njia anaijua. Mwingine humpa 1, kwa kuwa mhandisi aliyekosea ishara huangusha daraja. Wote wawili wana akili timamu. Katika miaka ya 1930 Wafaransa Laugier na Weinberg walichunguza masahihisho ya mtihani wa baccalauréat, wakakadiria ni wasahihishaji wangapi wanaohitajika ili wastani wao ukaribie alama ya kweli. Kwa falsafa walipata 127. Kwa hisabati walipata 13, idadi ndogo sana ukilinganisha, lakini si mmoja. Huko Marekani, Starch na Elliott walikuwa wameshapeleka karatasi moja ya jiometria kwa walimu wengi mwaka 1913. Wapo walioipa chini ya 30 na wapo walioipa zaidi ya 90.

Mtu atakumbuka hapa utani wa shule zetu, kwamba 20 ni ya Mungu na 19 ni ya mwalimu. Utani huo una ukweli wa kihistoria ndani yake. Kipimo cha 0 hadi 20, kilichoenea katika shule za Ufaransa kuanzia mwaka 1890, kilitumiwa kwa mkono mgumu, na mkono huo tumeurithi pamoja na kipimo. Somo la uchambuzi wa kihisabati ambalo mwanafunzi bora wa darasa amepata 14 si jambo la ajabu Bukavu.

Kwa kuwa walijua kwamba tarakimu hutoka mkononi mwa mtu, waliotunga taratibu zetu waliweka baraza lenye kujadili kabla ya kutangaza. Kwa kawaida alama ya somo ilikuwa na nusu mbili, kazi za mwaka na mtihani, na kila somo lilikuwa na uzito kwa kadiri ya saa zake. Aliyepata 8 au 9 katika somo moja angeweza kubebwa na wingi wa alama zake kwingineko. Chini ya 8 kulihesabiwa kuwa ni kushindwa kuzito. Wanafunzi waliodhani kwamba hapo ndipo mahali pa hila hawakukosea daima. Hata hivyo aliyewahi kuketi katika baraza la namna hiyo anajua kwamba swali linaloulizwa mara kwa mara ni lile lile la mwaka 1835: je, kijana huyu tunaweza kumkabidhi darasa la watoto?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo mpya wa licence, master na daktari, wenye kuhesabu vipimo vya kazi viitwavyo kredi: saa 25 za kazi kwa kredi moja, kredi 60 kwa mwaka. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekwisha kuuacha mfumo wake wa zamani kwa sheria ya mwaka 2004. Licence mpya ni ya miaka mitatu. Ile ya zamani, ukijumlisha graduat, ilikuwa ya mitano. Jina ni moja.

Mhitimu wetu tulimwandikia tafsiri upya. Badala ya "kuridhisha" tuliandika "amefaulu", na chini ya ukurasa tukaeleza mipaka yote minne ya ngazi, ili msomaji aone mwenyewe kwamba 68 imekaribia kidato cha pili. Akaisoma, akashukuru, kisha akatuonyesha kichwa cha karatasi, penye neno licence, tulilokuwa tumelitafsiri "shahada ya kwanza". Mdogo wake, alisema, yuko mwaka wa pili wa mfumo mpya, naye atapewa licence baada ya miaka mitatu. Je, karatasi zao zitaandikwa neno moja? Idarani kwetu wapo wanaotaka licence ya zamani iitwe shahada ya pili, na wapo wanaosema mfasiri hana mamlaka ya kumpandisha mtu daraja. Karatasi yake ilikaa mezani wiki mbili tukibishana.