Singe, Balbu na Soketi: Historia Fupi ya Kufunga Kitu Mdomoni mwa Bunduki

Juzi balbu ya chumbani kwangu hapa Likoni iliungua. Kazi yenyewe mnaijua: unasukuma juu kidogo, unazungusha, vile vipini viwili vinatoka kwenye mifereji yake. Unatia mpya, unasukuma, unazungusha, tayari! Nikajiuliza, nani alibuni ufungaji huu? Kwa Kiingereza balbu hii inaitwa balbu ya singe. Ndiyo, singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki. Basi nikaanza kuchimba.

Katikati ya karne ya 17, askari wa Ulaya mwenye gobori alikuwa na shida moja kubwa. Akishapiga risasi moja, kushindilia baruti na risasi nyingine huchukua muda, na adui keshafika. Suluhisho la kwanza lilikuwa kisu chenye mpini wa mti uliochongwa mwembamba mwisho. Unauchomeka ndani ya mtutu kama kizibo cha chupa, bunduki inakuwa mkuki.

Mmeliona kosa? Ukishaziba mtutu, huwezi tena kupiga risasi! Na mpini ukilegea unachomoka, ukikaza sana unakwama.

Tarehe 27 Julai 1689, huko Killiecrankie, Uskoti, kosa hilo lilikula watu. Jeshi la serikali chini ya Jenerali Hugh Mackay lilipiga risasi, lakini Waskoti wa milimani waliteremka mbio na mapanga. Askari wengi hawakuwahi hata kuchomeka singe zao. Walishindwa kwa dakika chache. Mackay mwenyewe aliandika baadaye kwamba ndiyo sababu alitafuta njia ya kuifunga singe kwa pete, nje ya mtutu.

Ufaransa nako, mhandisi Vauban alikuwa ameshapendekeza jambo kama hilo mwaka 1687. Kisu kikae kwenye mrija mfupi unaovishwa juu ya mtutu, na ubao wake upindwe pembeni ili risasi ipite. Mrija ulikatwa mfereji wenye kona, na mtutu ukawekwa kinundu. Unavisha, unazungusha, kinundu kinanasa. Mrija huo unaitwa soketi! Sisi wa programu tunadhani neno ni letu.

Hata hivyo kuzungusha tu hakukutosha, kwa sababu katika vurugu adui aliweza kuishika singe na kuichomoa. Ndipo zikaongezwa pete za kufungia na springi. Baadaye likaonekana tatizo jingine: uzito ukining'inia kwenye mtutu, risasi hubadilisha njia. Kwa hiyo bunduki ya Waingereza aina ya SMLE, ya mwanzoni mwa karne ya 20, singe yake ilishikwa na kichwa cha chuma kilicho mbele ya mbao, haikuutegemea mtutu.

Singe zilifika kwetu pia. Ukivuka feri ukaenda Barabara ya Jomo Kenyatta, utakuta sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya Dar es Salaam, iliyochongwa na msanii huyo huyo, James Alexander Stevenson, na kuzinduliwa 1927, inaonyesha askari aliyeelekeza bunduki yenye singe upande wa bandari. Tusisahau kwamba mwisho wa ufundi wote huu ulikuwa mwili wa mtu.

Lakini wazo la kusukuma na kuzungusha lilihama. Miaka ya 1880 liliingia kwenye balbu za Uingereza, likatufikia na ukoloni. Baadaye likaingia kwenye BNC, kile kichwa cha waya wa kamera za ulinzi madukani, na herufi B ni ya singe hiyo hiyo. Waya za Etheneti za zamani zilifungwa hivyo pia.

Funzo kwangu? Siku hizi nikiandika plagini ya kuongeza kwenye programu ya mtu, najiuliza kwanza: je, ikishafungwa, bunduki bado inaweza kupiga? Ikiwa inaziba mtutu, narudi mezani.

Haya, tukutane tena!