Kiswahili na Ujenzi wa Utaifa katika Nchi ya Chai: Kabianga na Jirani Zake

1. Utangulizi

Katika mijadala ya lugha na siasa Afrika Mashariki, imekuwa desturi kudai kwamba watu wa makabila mbalimbali wakishapata lugha moja watakuwa taifa moja. Dai hilo aghalabu huungwa mkono kwa mfano wa Tanzania. Makala haya yanakusudia kulipima kwa historia ya sehemu moja ya Kenya, nayo ni Kabianga pamoja na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Sehemu hii yafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya Wakipsigis ambamo Waluo, Wagusii, Waluhya na wengineo wameishi na kufanya kazi kwa karibu miaka mia moja. Pili, Kiswahili kimesemwa humo muda wote huo, na hata hivyo amani imevunjika zaidi ya mara moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya pamoja huwajulisha watu, lakini kinachowafunga ni haki na wajibu wanaoshirikiana.

2. Umoja kabla ya ukoloni

Yafaa ieleweke kwamba umoja wa Wakipsigis wenyewe haukutokana na damu peke yake. Koo zao zilikuwa nyingi, na watu wa ukoo mmoja walitawanyika nchi nzima. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na kokwet, yaani baraza la majirani, ambamo watu wa koo tofauti walikaa pamoja kusikiliza kesi za mipaka, mifugo na ndoa. Juu ya ujirani huo palikuwa na rika, au ipinda. Kila mwanamume aliyepita jandoni aliingia katika rika lenye jina, kama vile Maina, Chumo, Sawe au Kaplelach. Majina hayo yalijulikana pia kwa Wanandi na ndugu zao wengine, hivyo msafiri aliweza kupata wenzake wa rika mbali na kwao.

Aidha, wageni walipokewa. Wagusii na wengineo waliofika kwa njaa, au kwa kutekwa vitani, walitiwa katika koo, na zipo koo za Wakipsigis zinazokumbuka hadi leo asili yake ya nje. Hapana shaka wageni hao walijifunza lugha ya wenyeji. Lakini si lugha iliyowafanya kuwa Wakipsigis. Walipita jandoni, wakalinda mifugo, wakapata mahali pa kulima na pa kusemea katika kokwet. Waswahili husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakipsigis walimpa mgeni jembe, na pamoja na jembe wakampa shamba.

3. Mashamba ya chai na lugha ya amri

Utawala wa Waingereza uligeuza utaratibu huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 katika Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mpango ukavunjika, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Chai ilichukua nafasi ya kitani, na makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakajiimarisha Kericho katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ukatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao ndimo walimotoka viongozi wa dini na unabii, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria.

Hapo mwanzo Wakipsigis wengi, wakiwa na mifugo na mahindi yao, hawakuvutwa na mshahara wa shambani. Makampuni yalitafuta vibarua kwa Waluo, Wagusii na Waluhya, wakawekwa katika nyumba za laini. Lugha iliyowakutanisha na wakubwa wao ilikuwa Kiswahili, na hasa kile kilichoitwa Kisetla: lugha ya njoo, nenda, chuma, peleka. Mzungu alimwamuru nyapara, na nyapara aliwaamuru wachumaji. Hakuna aliyeulizwa maoni yake kwa lugha hiyo.

Hata hivyo, vibarua hawakukiacha Kiswahili mikononi mwa nyapara. Walikitumia katika soko, kanisani, katika mpira na katika mapenzi, na katika soko la Sondu, ambako Waluo, Wakipsigis na Wagusii huuziana mazao na mifugo. Shule nayo ilisaidia. Shule ya serikali ya Kabianga, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikuwa miongoni mwa milango ambayo kwayo elimu ya kisasa iliingia kwa Wakipsigis. Kikipsigis chenyewe kilipokea maneno kama kitabuit na chaiik, na kuyavika viambishi vyake. Ujuano ulikuwapo. Jambo ambalo halikuwapo ni usawa, kwa kuwa Mkipsigis aliiona ardhi ya babu zake ng'ambo ya ua, na kibarua alizaa watoto katika nyumba ambayo angefukuzwa siku kazi itakapokwisha.

4. Jina lililotokana na usemi

Katika miaka ya 1940 sehemu hii ilishuhudia ujenzi wa utambulisho mpya. Jina Kalenjin, ambalo maana yake ni karibu na "nakwambia", lilienezwa na wanafunzi wa shule za juu pamoja na matangazo ya redio wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wakipsigis, Wanandi, Wakeiyo, Watugen na wenzao, waliokuwa wakitambulika mbalimbali, wakaanza kujiita kwa jina moja.

Mtaalamu wa lugha aweza kushawishika kusema kwamba hapa usemi umezaa watu. Lakini lugha za jamii hizo zilikuwa na ujamaa karne nyingi kabla ya hapo bila ya kuzaa jina hilo. Kilichobadilika ni hali: watu hao walikuwa na hofu moja juu ya ardhi na haja moja ya kusikika uhuru ulipokaribia. Wengi wa viongozi wao waliingia katika chama cha KADU kilichoundwa mwaka 1960, kikidai serikali ya majimbo. Jina lilishika kwa sababu lilikuwa na kazi ya kufanya.

5. Sera ya lugha na uvunjaji wa amani

Baada ya uhuru, Kenya ilikipandisha Kiswahili hatua kwa hatua. Mwaka 1974 kiliruhusiwa Bungeni. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya somo la lazima lenye mtihani. Katiba ya mwaka 2010 ilikitaja kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Katika muda huohuo, historia ya Bonde la Ufa ilikwenda njia nyingine. Mwezi Septemba 1991 mikutano ya kudai majimbo ilifanyika Kapsabet na Kapkatet. Neno jimbo, ambalo kwa asili ni sehemu ya nchi tu, likaanza kusikika masikioni mwa wengi kama amri ya kuhama. Ghasia zilianza Oktoba mwaka huo huko Tinderet, zikaenea hadi Kericho na mpakani karibu na Sondu na Sotik mwaka 1992. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilirudi kwa nguvu zaidi, na vibarua wa Kigusii na Kiluo wakakimbia mashamba ya chai. Vijana wa mwaka 2008 walikuwa kizazi cha 8-4-4, yaani kizazi kilichofundishwa Kiswahili kuliko vyote vilivyokitangulia.

Tena, neno lililotumiwa na wachochezi kuwataja wageni lilikuwa la Kiswahili: madoadoa. Neno la kawaida la kueleza ngozi ya ng'ombe au uchafu wa nguo liligeuzwa kuwa jina la jirani. Mwaka 2022 tume ya taifa ya uwiano na utangamano ililiorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki. Hivyo, lugha iliyotazamiwa kuunganisha ndiyo iliyotoa neno la kufukuzia.

Jambo hili si la Kericho peke yake. Karibu Wanyarwanda wote husema Kinyarwanda, na haikuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wasomali wengi wana lugha moja na dini moja, na dola yao ilivunjika mwaka 1991.

6. Hitimisho

Mfano wa Tanzania basi wahitaji kusomwa upya. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, lakini mwaka huohuo ulikuwa wa Azimio la Arusha. Lugha ilikuja pamoja na ahadi ya usawa, ardhi ikiwa mali ya umma, na wanafunzi wa sekondari wakipelekwa kusoma mbali na mikoa yao. Upungufu wa siasa hiyo unajulikana. Hata hivyo, maneno ndugu na mwananchi yalikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kenya nayo haikukosa mfano. Shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, lililoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000, limemweka mkulima wa Litein katika hesabu moja na mkulima wa Nyamira na wa Murang'a. Wote husubiri bonasi, na ikipungua hunung'unika pamoja. Manung'uniko ya pamoja ni mwanzo mwema wa utaifa kuliko nyimbo nyingi.

Kwa upande mwingine, mwaka 2019 tume ya taifa ya ardhi iliyatambua madai ya Wakipsigis na Watalai juu ya ardhi waliyonyang'anywa na wakoloni. Kabla dai hilo, na lile la kibarua aliyezaliwa katika laini, hayajapata majibu ya haki, kila mmoja aweza kuchochewa kumwona mwenzake kuwa ndiye mdeni wake.

Tangu mwaka 2013 Kabianga ina chuo kikuu kamili, na wanafunzi wa makabila mengi husomea kando ya mashamba yaleyale. Mwalimu wa Kiswahili ana kazi mbili hapo. Ya kwanza ni kufundisha lugha kwa usahihi. Ya pili, iliyosahauliwa mno, ni kufundisha historia ya maneno yake: nyapara, laini, jimbo, madoadoa. Mwanafunzi anayejua neno limetoka wapi, na limemfanyia nani nini, ni vigumu kulikopeshwa na mchochezi. Lakini mwalimu asijipe kazi isiyo yake. Kiswahili kitampa mgeni jembe. Shamba litatolewa na sheria.