Bega la Babu na Teke la Bunduki

Babu yangu mzaa mama alikuwa na bega moja lililoteremka kidogo kuliko lenzake. La kulia. Tukienda ushago Machakos wakati wa likizo, sisi watoto tuliamini ni mitungi ya maji ndiyo ilimfanya hivyo. Siku moja nikamuuliza. Akacheka kile kicheko chake kisicho na meno, akasema, "Hiyo ni zawadi ya Mwingereza, mjukuu wangu."

Babu alikuwa askari wa King's African Rifles, KAR, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa mmoja wa maelfu ya Waafrika Mashariki waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mambo ya Burma hakuyasema sana. Kitu alichopenda kusimulia ni siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, walipopewa bunduki za Lee-Enfield. Yeye alikuwa kijana wa Kikamba aliyekua na upinde mkononi, na alidhani kupiga ni kupiga tu. Alipofyatua, bunduki ikamrusha nyuma, kofia ikaanguka, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akamfokea kwa Kiswahili cha jeshi: aikumbatie bunduki, asiiogope.

"Upinde unakuomba nguvu kabla ya mshale kutoka," Babu aliniambia. "Bunduki inakudai baadaye."

Hiyo sentensi nimetembea nayo miaka mingi. Na nilipoanza kusoma historia ya silaha, nikagundua kumbe watu wenye karakana na shahada walitumia zaidi ya karne moja wakijaribu kukwepa deni hilo hilo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kanuni ambayo sisi tuliikariri sekondari kama sala: kila kani ina kani ya kuijibu, sawa kwa ukubwa, kinyume kwa mwelekeo. Risasi ya Lee-Enfield ya wakati wa Babu ilikuwa na uzito wa kama gramu 11 na ilitoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Bunduki yenyewe ilikuwa na kilo 4 hivi. Risasi ikienda mbele, bunduki lazima irudi nyuma, kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, na kilichoko nyuma ni mfupa wako. Ukiibana vizuri begani, wewe na bunduki mnakuwa mzigo mmoja mzito na inakusukuma tu. Ukiiogopa ukaacha nafasi, inapata mwendo kwanza halafu inakugonga. Yule mwalimu alikuwa mkali, lakini fizikia yake ilikuwa sawa.

Sasa, miaka 60 kabla ya Babu kuangusha kofia yake, kulikuwa na Mmarekani mmoja aliyeumia vivyo hivyo. Hiram Maxim alizaliwa jimbo la Maine mwaka 1840. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijaribu kupiga bunduki ya kijeshi ya Springfield na bega likavilia damu. Mtu mwingine angekanda bega kwa maji moto na kuendelea na maisha. Maxim alijiuliza swali la fundi: nguvu yote hii inayoishia begani mwangu, kwa nini isifanye kazi?

Akahamia London, na mwaka 1884 akawa na jibu. Katika bunduki yake, teke la risasi moja lilirudisha mtutu nyuma kidogo, mwendo huo ukatupa ganda tupu nje, ukavuta risasi mpya, na mtambo ukafyatua tena. Mpigaji alibonyeza tu. Kama risasi 600 kwa dakika. Na kwa kuwa silaha nzima ilikaa juu ya miguu yake ya chuma, bega halikuguswa hata kidogo.

Watu wetu waliijua mapema. Henry Morton Stanley alipopita Zanzibar mwaka 1887 kuchukua wapagazi, akielekea kumtafuta Emin Pasha, alikuwa na Maxim kwenye mizigo. Mwaka 1905 safari ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya Wanandi ilikuwa nazo pia. Ni mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, ambapo Koitalel arap Samoei aliuawa. Wiki chache kabla, tarehe 30 Agosti, katika Vita vya Maji Maji kule Tanganyika, maelfu ya Wambunga na Wapogoro walishambulia boma la Wajerumani la Mahenge wakiamini maji ya dawa yangezuia risasi. Walikutana na bombom, kama askari walivyoiita. Vitabu vya shule huuliza kwa nini waliamini maji. Mimi hujiuliza kitu kingine: aliyeshika bombom ile alihisi nini begani? Hakuhisi kitu. Mamia ya watu walianguka mbele yake, na mwili wake haukupokea hata teke moja.

Hapo ndipo niliposhika kitu ninachotaka kusema. Teke la bunduki halipotei. Linahamishwa.

Hata uzito wake ulihamishwa. Maxim ilikuwa na zaidi ya kilo 25 kabla ya kuongeza miguu, maji ya kupooza mtutu na masanduku ya risasi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, silaha za aina hiyo zilizunguka Afrika Mashariki, na mahali ambapo mbung'o waliua wanyama wa mizigo, vilivyobaki ni vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa Carrier Corps, wale walioacha jina lao Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Ulaya nayo ilionja: tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa, wengi kwa bombom za Kijerumani zilizotokana na ubunifu wa Maxim. Yeye mwenyewe alifariki London Novemba ya mwaka huo. Bega lake lilikuwa limepona zamani, lakini kelele za majaribio zilikuwa zimemwacha kiziwi.

Basi, kazi iliyobaki ilikuwa kupeleka wazo hilo kwenye bunduki ya mkononi, ambayo haina miguu ya chuma. Jeshi la Marekani lilitangulia mwaka 1936 kwa kuidhinisha bunduki ya John Garand. Hii ilikuwa nusu-otomatiki: unavuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja, halafu inajipakia yenyewe. Ilitumia gesi ya baruti. Sehemu ndogo ya gesi hiyo ilisukuma vyuma vya ndani kurudi nyuma, na springi ikavipokea.

Kuna faida ya pembeni hapo. Ukiruka kutoka ukutani magoti yakiwa yamekazwa, utalia. Ukikunja magoti, umeanguka kutoka urefu ule ule, lakini miguu imeigawa ile nguvu kwa muda mrefu zaidi. Vyuma vinavyotembea na springi ndani ya bunduki ni magoti yake. Jumla ya teke ni ile ile, ila linafika begani kama msukumo, si kama ngumi. Wahandisi waliongeza mbinu nyingine: kitako kilichonyooka sambamba na mtutu ili mdomo usiruke juu, na vifaa vya mbele ya mtutu vya kuelekeza gesi pembeni.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ilikuwa rahisi: punguza baruti. Urefu wa maganda ya risasi unasimulia historia nzima. Ganda la Lee-Enfield lilikuwa milimita 56, la Garand milimita 63. Waingereza walibuni risasi ndogo zaidi baada ya vita, Wamarekani wakakataa, na mwaka 1954 nchi za NATO zikakubaliana juu ya ganda la milimita 51, bado lenye nguvu nyingi. Ndilo la bunduki ya G3, ambayo Wakenya tunaijua kutoka mikononi mwa askari wetu. Wasovieti walikuwa wameshaamua tofauti. Bunduki ya Mikhail Kalashnikov, iliyopokelewa rasmi mwaka 1949, ilitumia ganda la milimita 39.

Teke likawa dogo kiasi kwamba huhitaji bega la mtu mzima.

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto kule Karamoja liliporwa, na wizi wa mifugo mpakani mwa Kenya na Uganda haukurudi tena kuwa wa mikuki. Miaka iliyofuata, Lord's Resistance Army iliteka nyara maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda na kuwapa bunduki. Graça Machel alipowasilisha ripoti yake kuhusu watoto vitani kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1996, alieleza wazi kwamba silaha nyepesi na rahisi kutumia zilikuwa zimewafanya watoto kuwa wapiganaji wanaoweza kutegemewa. Bunduki iliyomwangusha kofia Babu, mtoto wa miaka 10 angepata taabu nayo. Hii nyingine hapana.

Nilimsomea rafiki yangu rasimu ya makala hii. Akaniuliza, "Kwani unataka bunduki zirudi kuumiza watu mabega ndiyo wapunguze kuua?" Swali zuri. La, sidanganyiki hivyo. Lee-Enfield iliua watu wengi sana, hapa kwetu pia, na mabega yaliyouma hayakuzuia kitu. Na pengine bega la Babu liliteremshwa na jembe, si na Mwingereza. Mama yangu husema hivyo. Ninachosema ni kwamba kila aliyepunguza teke alidhani anatatua shida ya mtu mmoja, yule aliye nyuma ya bunduki. Yule wa mbele hakuwa kwenye hesabu.

Siku hizi matatu yangu hukwama Kenyatta Avenue karibu kila jioni, pale penye sanamu ya askari watatu iliyowekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika wa ile vita ya kwanza. Watu hupita wakiongea na simu. Zamani nilikuwa nikitazama bunduki. Sasa huwa namtafuta yule mpagazi wa Carrier Corps, nikimwangalia mabega mpaka konda agonge bodi tuondoke.