Sauti ya Siti katika Santuri, Mwaka wa 1928

Wasikilizaji wetu, tukitaka kuzikumbuka nyimbo za mwaka wa 1928, na tuanze katika njia ya Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Njiani humo alipita binti mmoja aliyejitwika vyungu, akiitangaza bidhaa yake kwa sauti nzuri. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, maana wazee wake walitoka katika utumwa. Baadaye watu walimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Huyo ndiye Siti binti Saad.

Tangu zamani za Sayyid Barghash taarabu ilikuwa pumbao la jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Santuri zilipoingia pwani, zilinena Kiarabu na Kihindi. Mswahili aliistaajabia sauti, walakini maneno yalimpita kama upepo.

Basi katika mwaka wa 1928 kampuni ya Gramophone ilimchukua Siti na wapigaji wake, akina Subeti bin Ambar na Mbaruk Effandi Talsam, wakavuka bahari hata Bombay. Wakaimba kwa Kiswahili, na sauti zao zikatiwa katika sahani. Hata kufika mwaka wa 1931 zilikuwa zimekwisha kuuzwa sahani zaidi ya 70,000.

Hapa yatupasa kukiri hasara moja. Taarabu ya barazani haikuwa na haraka: ubeti ulirudiwa, msikilizaji akatunza, fidla ikajibu, na usiku ukaenda zake. Upande mmoja wa sahani ulikuwa na nafasi ya dakika tatu tu, au kupita kidogo. Wimbo ukakatwa. Sisi tulio walimu twaijua taabu hiyo, maana kengele hulia kabla ya somo kwisha.

Lakini tazameni kilichopata kuingia katika dakika hizo chache. Katika wimbo uitwao Kijiti, Siti alieleza habari ya mwanamke aliyeuawa Unguja. Mwuaji akakimbilia Tanganyika, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Neno kama hilo nani angalilisema jumbani? Sasa likasemwa kwa lugha ya sokoni, tena mahali ambapo Siti mwenyewe hakupata kukanyaga. Mtu asiyejua kusoma gazeti alilisikia shauri zima. Na asiporidhika na hukumu ile, aliirudisha sindano mwanzo akasikiliza tena.