Vipande Visivyopotea: Karatasi na Meza ya Nyumbani

Hapa Kalangalala, mjini Geita, thamani hupimwa upesi. Jiwe lenye dhahabu hubebwa. Lisilo nayo hutupwa. Kwa hiyo inatufaa kutafakari historia ya kitu ambacho asili yake ni takataka, yaani karatasi.

Katika China ya kale karatasi ilitengenezwa kwa magome ya miti, matambara na nyavu chakavu za wavuvi. Mwaka 105 Cai Lun aliipeleka kazi hiyo mbele ya mfalme wake. Ujuzi huo ulipita Samarkand na Baghdad hata ukafika Ulaya, na mwaka 1390 mji wa Nürnberg, Ujerumani, ukapata kinu chake. Nguo za kitani zilizochakaa zilipondwa kwenye maji, rojo likachotwa kwa chekecheo la waya, kisha likakamuliwa na kuanikwa.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyochapwa Agano Jipya la Luther la mwaka 1522. Mwaka 1529 sehemu za Katekisimu Ndogo zilitoka kwanza kama karatasi za kubandikwa ukutani, ndipo zikawa kitabu. Luther aliwaandikia wenye nyumba ili wawafundishe watu wa nyumbani mwao, akaweka humo hata sala za chakula. Matambara yaliyotupwa yaliibeba imani hadi mezani.

Kwetu Tanzania pia yapo ya kujifunza. Huko Iringa, tangu mwaka 2003, katika karakana ya Neema Crafts ya Kanisa Anglikana, vijana viziwi wamekuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Waliodharauliwa walikifanya kilichodharauliwa kuwa kitu cha kununuliwa.

Familia zetu nazo zinaweza. Chaneni madaftari yaliyokwisha, yaloweke usiku kucha, yapondeni kinuni. Mwageni rojo juu ya fremu yenye wavu wa dirisha, kamueni kwa kitambaa, anikeni juani. Ikikauka, kateni vimkeka vya kuwekea sahani, na kila mtoto aandike jina moja na sala moja.

Kazi hii ni ndogo, lakini jambo lililo ndani yake ni kubwa. Wapo watoto mitaani kwetu wanaokula wamesimama, kila mmoja na bakuli lake, kwa kuwa baba yuko maduarani na mama anaponda mawe. Nyumba isiyokutana mezani hukosa mahali pa kusali pamoja. Basi kiwepo na kimkeka cha baba aliye machimboni, kitandikwe kila jioni, atajwe katika sala, naye akirudi akute nafasi yake.

Bwana Yesu, alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Aliyejali makombo ya mikate hawezi kuiacha familia iliyotawanyika. Nasi tuanze kukusanya, hata kwa madaftari ya zamani.